Mipira ya Kuvuka Kichwa

Enzi zake uwanjani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Walimwita Mwewe. Alikuwa akianzisha mpira, na kabla haujadunda upande wa pili yeye keshachomoka, keshafika kwenye wavu, mikono wazi, na chochote kilichorudi alikinyakua hewani kwa raketi na kukizika pale ambapo mpinzani hayupo. Mechi zake zilikuwa fupi mno, hata wauza soda walimlalamikia kwamba watazamaji wanarudi makwao kabla hawajasikia kiu.

Siku hizi alikuwa na duka la kufunga nyuzi za raketi, chumba kimoja kilichobanwa kati ya dobi na fundi viatu. Mvuke wa pasi ulipenya kutoka kwa dobi, gundi ilinuka kutoka kwa fundi viatu, na katikati ilisimama mashine yake ya kuvutia nyuzi. Juu ya kabati alikuwa na televisheni ndogo iliyowashwa kutwa kucha.

Mchana mmoja alikuwa kazini, uzi umebanwa kwenye mashine, mteja wake, mwalimu wa hesabu, anasubiri mlangoni, pale aliposikia sauti ya wifi yake kwenye televisheni.

Wifi huyo, mke wa mdogo wake wa kiume, naye alikuwa mchezaji wa kulipwa zamani. Yeye walimwita Ukuta. Hakuwahi kuusogelea wavu ila wakati wa kupeana mikono. Alikaa nyuma ya mstari akirudisha kila kitu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka mpinzani achoke, akosee au alie. Alipostaafu akawa mchambuzi wa mechi, na wazazi wenye watoto wa kufundishwa tenisi walimsikiliza kama wanavyomsikiliza daktari.

"Mchezo wa kukimbilia wavu," alikuwa akisema, "ulikuwa mchezo wa watu wasio na subira. Umekufa. Kilichobaki ni kuuzika. Nina wifi yangu mmoja, masikini wa watu, nadhani mpaka leo bado anakimbia!"

Wenzake mezani wakaangua kicheko. Mwalimu wa hesabu naye akacheka, kisha akaona uso wa mwenye duka, akajitia kukohoa. Mwewe alivuta uzi kupita kiasi, ukakatika na kumchapa kidoleni. Alikinyonya kidole, akachukua uzi mwingine, akaanza upya.

Lakini donge lililokuwa rohoni mwake kwa miaka ishirini na kitu lilikuwa limeguswa.

Hadithi ya donge hilo ni hii. Jioni moja kabla ya fainali kubwa kuliko zote alizowahi kufika, fainali ambayo angecheza na huyo huyo wifi yake, walikuwa wawili jikoni kwa mama yake Mwewe wakiosha vyombo. Ukuta alikuwa bado bibi harusi mpya. Mwewe alitaka kupandisha sahani kwenye rafu, mkono ukakataa, sahani ikaanguka ikavunjika. Wifi yake akamshika.

"Una nini, wifi?"

"Bega. Kuna kitu kimeachia humu ndani. Kuanzisha naweza, najipanga najikaza. Lakini mpira ukinipita juu, nirudi kinyumenyume niutwange, sithubutu. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi? Njoo ukae."

Akamkalisha kwenye kiti, akaleta dawa ya kuchua, akamkanda bega kwa upole, vidole vikitafuta mpaka vikapapata penye maumivu. "Hapa?" "Hapo hapo." Mwewe alikumbuka alivyofumba macho na kujiambia kwamba mdogo wake amepata mke.

Kesho yake, mpira wa kwanza kabisa ambao Mwewe aliufuata hadi wavuni, Ukuta hakuupiga pembeni kama alivyozoea. Aliurusha juu. Ukapaa, ukamvuka Mwewe kichwani, ukaanguka nyuma yake. Akadhani ni bahati mbaya. Ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Kutwa nzima ikawa ni mipira ya kuvuka kichwa. Akitwanga, anaona nyota. Asipotwanga, pointi imekwenda. Katikati ya seti ya pili alirudi kinyumenyume, akainua mkono, akasikia kitu kikichanika begani kama kitambaa. Alitolewa uwanjani ameshikwa kwapani. Alipasuliwa mara mbili, na asicheze tena kama binadamu mwenye mikono miwili. Ukuta alinyanyua kombe, akaalikwa kucheza ng'ambo, akapata jina.

Mwewe alimwambia mdogo wake, ambaye ni daktari wa meno na mtu asiyependa kelele. Daktari akajikuna kichwa na kusema, "Dada, mchezo ni mchezo." Tangu hapo Mwewe hakulizungumza tena. Kwenye misiba na harusi za ukoo alimwamkia wifi yake vizuri, akapakata watoto wake, akala chakula chake. Lakini bega lilimuuma kila baridi ilipoingia, na kila lilipouma alimkumbuka.

Miezi michache baada ya kile kicheko cha televisheni, barua ya mwaliko ikafika. Klabu kubwa ya mjini ilikuwa inafungua uwanja mpya, na ilitaka wachezaji wastaafu wacheze mechi za maonyesho. Mechi ya mwisho ilikuwa na tangazo lake kabisa, picha mbili zikitazamana: Wavu na Mstari wa Nyuma, Mwewe na Ukuta, kama zamani. Seti moja tu, maana waandaaji waliwahurumia watu wazima. Na aliyetoa wazo hilo, Mwewe aliambiwa, ni wifi yake mwenyewe.

"Anataka kunizika hadharani," Mwewe alimwambia mumewe.

"Basi usiende."

"Nakwenda. Na nitakwenda na sepetu."

Hakwenda kutafuta mtu wa kumnoa kwenye wavu. Alikwenda kwa mzee mmoja mwenzao aliyeitwa Kobe, mchezaji mstaafu ambaye enzi zake mechi zake zilikuwa zikisimamishwa kwa sababu ya giza. Kobe alifundisha kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala la mbao. Alimsikiliza Mwewe mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Ngoja nikuelewe, dada. Wewe, Mwewe, unataka nikufundishe kukaa nyuma?"

"Kukaa nyuma, kurudisha kila kitu, na kuchosha mtu."

"Mbona hivyo? Si uende na mchezo wako?"

"Mchezo wangu anausubiri. Najua saa hizi anafanya mazoezi ya mipira ya juu mpaka jua linatua. Nataka arushe mipira yake juu, halafu asinikute pale."

Kobe akacheka mpaka akashika mbavu. Akakubali.

Ikawa kazi. Mikono ya Mwewe ilijifunza upesi, lakini miguu ilikuwa na akili yake yenyewe. Kila akianzisha mpira, miguu hiyo mbele, imeshamfikisha katikati ya uwanja kabla hajaikataza. Kobe alimkemea, akamchorea mstari kwa chaki, akamwekea debe la maji mbele ajigonge. Mwishowe alileta kamba ya kuanikia nguo, akamfunga kiunoni, na ncha nyingine akaifunga kwenye uzio.

"Sasa kimbia," alisema.

Mwewe alianzisha, akachomoka, kamba ikamrudisha kwa nguvu akakaa chini kwa makalio. Wapakia mbao wa ghalani walishangilia. Alijikung'uta, akaanzisha tena.

"Usiue," Kobe alikuwa akimwambia kila siku. "Wewe unapenda kuua. Rudisha tu. Mwache ajiue mwenyewe."

Alichukia kila dakika. Aliona ni mchezo wa kuchota maji kwa kijiko. Lakini usiku akilala alimwona wifi yake akihema, akageuka upande wa pili na kulala usingizi mzuri.

Wiki ya mechi, Daktari alifika dukani. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akaokota kipande cha uzi, akawa anakizungusha kidoleni.

"Dada, nimekuja kukuomba kitu. Usikasirike."

"Sema."

"Goti la mke wangu halifai. Limeliwa ndani, mfupa kwa mfupa. Kwenye televisheni anakaa tu, hakuna anayejua. Akikimbia mbele kufuata mpira mfupi, linaweza kumwacha njiani. Naomba usimchezeshe mipira mifupi. Cheza naye tu, watu wafurahi, muishe."

Mwewe aliacha kazi. Alimtazama huyu mdogo wake aliyembeba mgongoni utotoni, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma na kutaka kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

"Unajua ulichofanya? Umekuja kuniambia pale anapoumia. Mimi nilimwambia mke wako pale ninapoumia. Unakumbuka alichofanya?"

Daktari alisema taratibu, "Nakumbuka. Nilikuwepo uwanjani. Niliona tangu mpira wa tatu. Nilikuwa nimeoa juzi, dada. Ningefanya nini?"

Maneno hayo yalimchoma Mwewe kuliko ya televisheni. Kumbe alijua.

"Nenda nyumbani," alimwambia. "Mipira mifupi sitapiga. Si kwa ajili yako, wala yake. Sitaki mtu aje aseme nilimshinda kwa sababu ya goti."

Siku ya mechi uwanja mpya ulinuka rangi. Majukwaa yalijaa, kamera zilikuwa pande zote. Ukuta aliingia akiwa amevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, anapungia watu mkono, anatembea kwa madaha ili asionekane kwamba anachechemea. Walikutana kwenye wavu kurusha sarafu.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo, wifi."

"Usiniumize leo," Ukuta alisema kwa sauti ya kusikika na mwamuzi, akacheka. "Njoo polepole huko mbele."

"Nitajitahidi," Mwewe alimjibu.

Alianzisha yeye. Watu walisimama kabisa wakisubiri kumwona akichomoka. Ukuta naye, mpira ulipomfikia, hakutazama hata Mwewe alipo; aliurusha juu, ukapaa vizuri sana, mpira uliofanyiwa mazoezi. Ukashuka polepole mbele ya Mwewe, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mstari, hajasogea hata unyayo. Akausubiri udunde, akaupeleka kona ya kulia.

Ukuta alisimama mdomo wazi. Watu wakacheka, kwanza wachache, kisha uwanja mzima.

Baada ya hapo haukuwa mchezo wa kuchekesha. Mwewe alirudisha. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, juu ya wavu kwa nafasi kubwa, mipira mizito yenye mzunguko, kama alivyofundishwa. Hakuua. Miguu ilimwasha, ikataka kwenda, akaizuia. Ukuta alirudisha naye, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua, na kwa gemu chache za mwanzo alikuwa mbele. Lakini kila pointi ilikuwa ndefu kuliko iliyopita. Alikuwa amezoea kumwona mtu mwingine akichoka. Katika gemu ya tano Mwewe alimwona akiegemea raketi baada ya pointi, na akajua. Goti lilikuwa linapiga kelele.

Sasa ikawa vile ambavyo Mwewe alikuwa akiviota. Ukuta hakuweza tena kukimbizana pembeni. Ilibidi afupishe pointi, na njia ya kufupisha pointi ni moja tu. Alianzisha mpira, akasita kidogo, kisha mbele ya watu wote na kamera zote, akaukimbilia wavu.

Uwanja ukalipuka. Huyu aliyesema mchezo umekufa, huyo anaucheza! Kwa ile pointi ya kwanza Mwewe alishtuka mwenyewe akakosea. Ukuta akapata kichwa, akaja tena.

Mwewe aliuona mpira ukimjia vizuri, taratibu, kifuani. Upande wa kushoto wa Ukuta ulikuwa wazi, mlango kabisa. Hata mtoto angepitisha hapo na pointi ikaisha bila mtu kuumia. Aliuona ule mlango wazi. Akainua uso wa raketi na kurusha juu.

Mpira ukapaa. Ukuta akatazama juu, akaanza kurudi kinyumenyume, goti likayumba, mpira ukaanguka nyuma yake ndani ya mstari. Alipogeuka, macho yao yakakutana. Hakuwa na haja ya kuambiwa chochote.

Akaja tena mbele, Mwewe akarusha juu. Akaja tena. Wakati mwingine Ukuta aliuwahi akautwanga, na usoni alikunjamana kwa maumivu, na Mwewe akamrushia mwingine. Watu waliokuwa wakishangilia walianza kupunguza sauti. Kwenye jukwaa la familia Daktari alikuwa amesimama. Mwewe alimwona, akamwona akitikisa kichwa, na akarusha mwingine juu. Alikuwa akisikia utamu fulani mzito ukimpanda kutoka tumboni, na aliuacha uzidi kupanda.

Ukuta hakuomba mapumziko wala hakuita daktari wa uwanja. Hilo Mwewe alimpa haki yake. Alikuja mbele mpaka pointi ya mwisho, akarudi nyuma kwa mguu mmoja kufuata mpira wa mwisho, akaukosa, akabaki amesimama amempa kisogo kila mtu, mabega yakipanda na kushuka.

Walipeana mikono juu ya wavu.

"Umefurahi?" Ukuta aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sana."

Mtangazaji kijana, mwenzake Ukuta wa mezani, alikuja mbio na kipaza sauti. "Mama, hatukuelewa! Tulikuja kumwona Mwewe kwenye wavu. Mbona hukwenda hata mara moja?"

"Mtaalamu wenu alisema mchezo ule umekufa," Mwewe alijibu. "Mimi sichezi na maiti. Nimemwachia yeye."

Walipotoka nje, gari la Daktari halikuwepo. Mlinzi wa lango aliwaambia kwamba bwana yule ameondoka kwa kasi, hakuaga mtu, na mabegi ya mama wote wawili, aliyokuwa akiwatunzia jukwaani, yamo ndani, pamoja na simu zao. Wakabaki pale, wanawake wawili watu wazima wenye jasho lililokauka, hawana hata senti ya nauli. Mlinzi alimwazima Mwewe simu ampigie mumewe, kisha akawapa kiti chake. Kilikuwa kimoja. Mwewe alimwonyesha wifi yake kwa kidevu, naye akakaa, akaunyoosha mguu. Goti lilikuwa limevimba.

Watazamaji waliwapita na kugeuka kuwatazama.

"Unangoja niombe radhi," Ukuta alisema mwishowe.

"Singoji kitu."

"Afadhali. Maana ningefanya tena. Ulikuwa unanishinda kila tukikutana, wifi. Kila siku. Mimi nakimbia mpaka natapika, wewe unakuja pale mbele unagusa mara mbili, watu wanakupigia makofi. Halafu siku moja unaniambia pa kukupiga. Nililia kwanza. Nililia bafuni kwenu, mama akidhani ni mimba. Kisha nikaacha kulia."

"Dawa ya kuchua je? Ulinikanda huku ukipima?"

Ukuta aliwaza. "Sijui. Nadhani nilianza kwa kukukanda tu."

Mwewe aliliangalia lile jibu kwa kila upande akaona ni la kweli, na ukweli wake haukumsaidia kitu.

"Na yale ya televisheni? Kunicheka na bega langu hili?"

"Hayo yalikuwa roho mbaya tu," Ukuta alisema. "Hayana maelezo."

"Hata mimi leo," Mwewe alisema. "Upande wako wa kushoto ulikuwa wazi."

"Niliona. Nilijiacha wazi makusudi baada ya ule wa pili. Nilikuwa nakuomba."

Hilo Mwewe hakuwa amelijua. Aligeuka akatazama barabarani mpaka mumewe alipotokea na gari la kazi, friji mbovu ikiwa imelala nyuma, akawapakia wote wawili mbele naye wamebanana bega kwa bega, akauliza nani kashinda.

Mwewe alikuwa amesikia watu wakisema kwamba kisasi humwachia mtu uchungu mdomoni. Alikaa jioni nzima akiungoja uchungu huo. Alioga, akaungoja. Kilichomjia ni njaa. Alikula amesimama jikoni, akala tena, akalala kama mtoto mchanga, bega halikumuuma.

Asubuhi mdogo wake alipiga simu dukani. Sauti yake ilikuwa baridi. Alisema begi la Mwewe atalileta mtu, siyo yeye. Alisema mkewe hakulala, goti wanalifanyia mpango wa kupasuliwa. Mwewe alisikiliza, simu kaibana kwa bega, mikono ikipitisha uzi kwenye tundu za raketi ya mwalimu wa hesabu.

"Mwambie pole," alisema.

"Unasema pole kwa dhati, dada, au unasema tu?"

Mwewe aliuvuta uzi mpaka mashine ikalia, akaubana, akafikiria kwa uaminifu kabisa.

"Pole ya goti," alisema. "Ya goti tu."